Madam na Koti la Hamira

Ukifika kwa Madam, mwenye nyumba wetu, na malalamiko, kwanza alikupa mtungi. Haikujalisha umeleta nini: maji yamekatika, jirani anakaangia dagaa wa omena dirishani kwako, choo kimefungwa na mtu aliyepotea na ufunguo. Alikuwa akiketi kwenye stuli mbele ya mlango wake pale Kawangware 46, miwani imeshuka hadi ncha ya pua, na kando yake mtungi wa manjano wenye maji ya asali hadi nusu. "Sema," angekwambia, "lakini ukisema, tikisa."

Basi ulitikisa. Mkono ulianza kuuma ukiwa bado kwenye utangulizi, na ulipofika kwenye kiini cha maneno pumzi zilikuwa zimekwisha. Madam angefungua kifuniko, achungulie povu, anuse, kisha aseme, "Asante. Sasa wamepumua." Hakuwa anawasema wapangaji. Alikuwa anaisema hamira, wale wadudu wadogo wanaogeuza sukari kuwa pombe, ambao alikuwa akiwataja kama watu wa ukoo wake. Walihitaji hewa kabla ya kazi, na sisi tulikuwa feni.

Alizaliwa wapi na alikuwa mtoto wa nani, sitasema. Hayo yatasemwa na jamaa zake, na watayasema vibaya. Mimi nilimjua kwanza darasani, alipokuwa akitufundisha bayolojia katika sekondari moja ya upande wa Kibera, nami nikitoka kwetu Kambi Muru kila asubuhi na viatu vyenye matope. Baadaye nilipojifunza kuchomelea mageti na kutafuta chumba cha kupanga, nikapelekwa kwenye ploti moja Kawangware, mlango ukafunguliwa, na nikajikuta nimesimama wima mikono nyuma. "Odhiambo," alisema bila kushangaa, "utando wa seli umejengwa na nini?" Nikajibu, "Mafuta, Madam." Akanipa chumba.

Jibu lile nilikuwa nimelipata kwa taabu. Asubuhi moja ya Julai, baridi ya kukata masikio, alinisimamisha mbele ya darasa akaniambia nivue sweta. Nikavua. Akaendelea kufundisha hadi meno yangu yakaanza kugongana, ndipo akageuka na kuniuliza, "Unaskiaje?" Nikasema naskia baridi. "Hiyo ndiyo hamira isiyo na mafuta," akawaambia wengine. "Seli yake ina ukuta kwa nje, lakini ukuta ni kama mabati tu, hauzuii kitu. Ndani ya ukuta kuna koti, na koti ni mafuta. Koti likiwa jepesi, pombe anayoitengeneza mwenyewe inamwingia na kumuua. Odhiambo, vaa." Sijasahau somo lile, na kifua changu pia hakijasahau.

Huko chuo kikuu utafiti wake wa mwisho ulikuwa juu ya koti hilo hilo: ni mafuta ya aina gani yaliyo kwenye utando wa hamira ya pombe, na kwa nini nyingine huvumilia ukali na nyingine huzirai katikati ya kazi. Kuna aina moja ya mafuta aliyoipenda kuliko zote, ergosteroli, na aliitaja kama mtu anavyomtaja kifungua mimba wake. Paka wake, mnene kupita kiasi, alikuwa anaitwa Steroli. Mtu akimwambia paka huyu amenenepa mno, Madam alijibu kwamba hakuna kiumbe aliyewahi kufa kwa kuwa na koti zito. Yeye mwenyewe hakuwa mwembamba, na alipoambiwa na daktari apunguze, alirudi nyumbani amekasirika siku nzima. "Ati mafuta ni adui! Bila mafuta huyo daktari angemwagika hapo kwa kiti."

Kwake kila kitu kilieleweka kupitia koti lile, hata siasa za ardhi. Baba mkwe wake alikuwa na shamba lililoshuka kutoka barabarani hadi mtoni. Aligawia wanawe, nao wakagawia wana wao, na sasa palikuwa na vyumba ambavyo ukinyoosha mguu kitandani unamgonga jirani. Madam alikuwa akituonyesha kwa fimbo. "Hamira mama ana mafuta ya kutosha. Anazaa binti, anampa nusu. Binti anazaa, anatoa nusu ya ile nusu. Kama hakuna hewa ya kutengeneza mafuta mapya, wanagawana hadi mjukuu anatoka nje na kitambaa cha leso. Mnaona? Huyu mzee hakukosea kugawa. Alikosea kuzuia hewa." Hatukujua hewa ya shamba ni nini, lakini tuliitikia kwa vichwa, kwa sababu mtungi ulikuwa karibu.

Msidhani alikuwa mlevi. Hapo ndipo palipokuwa na kichekesho chote. Madam alikuwa mama wa kanisa, kitambaa kichwani siku zote, na pombe hakuwahi kuigusa kwa ulimi. Mumewe ndiye aliyekuwa mpishi wa muratina, ile pombe ya asali ya Wakikuyu, na alipokuwa hai alilazimika kuipikia nyuma ya banda la kuku maana mkewe hakutaka kuiona. Muratina huchachushwa na tunda refu la mti wa jina hilo hilo: hupasuliwa, huchemshwa, huanikwa hadi libaki nyuzi nyuzi kavu, na hamira hujificha humo ndani ya nyuzi kutoka pombe hadi pombe, miaka na miaka. Mzee alipofariki, Madam alikuta gunia la matunda yale bandani, akaketi akayatazama. Aliniambia baadaye, "Nilikuwa naenda kuyachoma. Halafu nikafikiria, hawa ni viumbe hai, na wao pia wamefiwa." Akayarudisha kwenye asali. Ndivyo mama wa kanisa alivyoanza kupika pombe.

Hakuuza. Alipikia ruracio tu, sherehe za mahari, na akimkuta mpangaji amelewa alimfokea hadi alevuke. Lakini upishi wake ulikuwa wa ajabu. Julai alilifunga pipa kwa koti la marehemu, akisema baridi inagandisha utando wao kama inavyogandisha mafuta ya kupikia kwenye mkebe. Alikuwa na kichupa cha mafuta ya zeituni kutoka duka la dawa, akichovya kijiti cha meno na kudondosha tone moja kwenye maji ya asali ili hamira ipate mafuta mepesi yasiyoganda. Mama mmoja wa kanisani alimfumania akifanya hivyo, na habari zikaenea kwamba Madam anaipaka pombe mafuta ya upako. Mchungaji alikuja kuuliza. Aliondoka na mkono unaouma.

Kwa kuwa hakuonja, alihitaji ulimi, na ulimi ulikuwa wangu. "Wewe ni Mjaluo," aliniambia, "huna chama katika muratina." Nilikuwa nikionja, naye ananitazama usoni kama mtu anayesoma mita. "Bado ni tamu?" "Bado, Madam." "Inauma mwishoni ama mwanzoni?" "Mwishoni, kidogo." Alifunga macho, akitafuta ladha asiyoijua. Nilimwonea huruma nyakati zile, ingawa mimi ndiye niliyekuwa nikinywa.

Kisha kulikuwa na jambo la mila. Muratina ni kazi ya wanaume. Mwanamke akiipika, wazee hawainywi. Kwa hiyo pipa lilipotoka, lilitoka na mimi. Nililisukuma kwa mkokoteni hadi kwenye sherehe, na watu wakasema ni pombe ya yule fundi wa mageti. Wazee wa Kikuyu wa Kawangware nzima waliona heri kuamini kwamba Mjaluo wa Kambi Muru ndiye bingwa wa muratina kuliko kushuku kwamba ni mwanamke wao. Walinipongeza kwa kunishika bega. Mmoja aliniuliza kama mama yangu hakuwa Mkikuyu.

Mambo yaliharibika ilipofika ruracio ya Wanjiku, binti yake wa pekee. Desturi ni upande wa bwana harusi kuleta pombe, nao wakaagiza kwangu kama watu wote. Lakini shemeji ya Madam, kaka mkubwa wa marehemu, mzee mrefu mwenye kofia ya manyoya, alikuwa ameshanusa habari. Alikuja akakataa stuli, akakataa na mtungi, ni yeye peke yake aliyewahi kuukataa.

"Atiriri, sikiliza," akasema. "Nimeskia ni wewe unapika. Kama ni ukweli, sisi wazee hatutagusa. Na pombe isiponyweka, unajua vile iko. Msichana hajapeanwa."

Madam aliusogeza mtungi karibu na miguu yake.

"Lakini mimi si mtu mbaya," mzee akaendelea. "Siku hiyo nikiuliza ni nani amepika, sema tu ni huyu wa mageti. Tutakunywa, mambo iishe."

"Ni msichana wangu," Madam akasema. "Kwa harusi za watu nimenyamaza. Kwa yake nitasema ni mimi."

"Basi utakunywa wewe na paka wako," mzee akamwambia, akaenda zake. Nilimsihi Madam usiku na mchana akubali jina langu litumike, maana Wanjiku alimpenda kijana yule na nguo zilikuwa zimeshonwa tayari. Akanijibu kwamba kama wataikataa, waikatae wakijua wanakataa nini.

Sasa, siku zile alikuwa amehamia mpangaji mpya, Mama Akinyi, mwanamke msafi na mwenye adabu nyingi. Madam alikuwa ameanika matunda yake kwenye waya karibu na bomba la maji, ili yapate hewa na hamira wajenge mafuta kabla ya kazi kubwa. Mama Akinyi, mtu wa ziwani, hakuwa ameona muratina maisha yake yote. Aliona nyuzi nyuzi kavu zinaning'inia mahali pa kuoshea vyombo, akajua ni madodoki, na akamshukuru Mungu kwa mwenye ploti anayewajali watu. Alisugua nayo sufuria. Yalisugua vizuri ajabu. Kisha, kwa sababu alilelewa vizuri, akayaosha yote kwa sabuni ya unga, akayasuuza, akayarudisha kwenye waya moja moja.

"Madam," akamwambia jioni, anatabasamu, "madodoki yako ni moto sana, lakini yalikuwa yamechafuka. Nimekuoshea."

Madam aliinuka, akaliendea tunda la kwanza na kulinusa. Lilikuwa linanukia ndimu. Akanusa la pili, la tatu, hadi mwisho wa waya, polepole, kama mtu anayekwenda kutambua maiti.

"Mama Akinyi. Sabuni hufanyia mafuta nini?"

"Inatoa, Madam. Inatoa kabisa."

"Umewaacha uchi."

"Nani, Madam?"

"Wote."

Mama Akinyi alipoelezwa alilia hadi tukaanza kumbembeleza yeye. Yangepatikana matunda mengine yenye hamira hai wapi? Matunda yale yalikuwa urithi wa baba mkwe, yakagawanywa kama shamba: nusu ilikuwa kwa marehemu, nusu kwa shemeji, na kwenda kumwomba shemeji ilikuwa sawa na kumpelekea Wanjiku amwozeshe yeye. Hamira ya dukani Madam hakutaka kuisikia. Hiyo, alisema, ni ya mandazi. Ndipo Mama Akinyi akafuta pua na kusema kwamba tunda moja alikuwa amelipeleka kwa mama mkwe wake Kambi Muru, kama zawadi, kabla hajaanza kuosha.

Tulikwenda kesho yake kwa miguu, Madam mbele, sisi nyuma. Tukaingia Makina watu wakitoka msikitini, tukateremka kwa vichochoro nilivyokulia, na pale bombani tukamkuta mama mkwe huyo, Dani, yaani bibi kwa Kijaluo, kizee mwembamba kama ufito, ndoo imejaa kichwani. Kati ya ndoo na kichwa, limekunjwa vizuri kuwa ngata, lilikuwa tunda la marehemu.

"Limeguswa na sabuni?" Madam aliuliza hata kabla ya salamu.

"Ngata huoshwa na sabuni kwa nini?" Dani akashangaa. "Nyinyi ni watu wa wapi?"

Madam alifurahi hadi akashika ukuta. Lakini Dani alikataa kulitoa. Alisema ngata zote alizowahi kuwa nazo zilimponda, hii ndiyo ya kwanza kumwonea huruma. Madam akamfundisha palepale bombani, mbele ya foleni ya watu, kuhusu ukuta na utando na ergosteroli, nami nikatafsiri kwa Kijaluo kadiri nilivyoweza. Dani alisikiliza hadi mwisho.

"Kwa hivyo hao watoto wako wadogo wako hapa ndani?"

"Wako."

"Na nimewabebesha maji hizi siku zote?"

"Umewabebesha."

"Pole yao. Na shingo yangu je?"

Madam alipandisha mikono, akafungua kitambaa chake cha kanisani, na kwa mara ya kwanza tangu nikiwa mwanafunzi nikaona nywele zake. Zilikuwa nyeupe zote. Alikizungusha kitambaa mpaka kikawa ngata nene, akamwekea Dani kichwani kwa mkono wake mwenyewe, akairekebisha, akamsaidia kutwika ndoo. Dani alitembea hatua chache, akageuka, akasema si mbaya. Tulirudi Kawangware Madam akiwa kichwa wazi na tunda kifuani chini ya sweta.

Tunda moja haliwezi kupika pipa. Tulianza na beseni, asali nyepesi, kitambaa cha neti juu, kukoroga tangu alfajiri, tone la kijiti cha meno. Hamira waliopona kwenye beseni wakahamia kwenye matunda mapya, na kutoka hapo kwenye mitungi. Ploti nzima ilitikisa, hata wasio na malalamiko, na Mama Akinyi alitikisa kwa toba hadi ikabidi anyang'anywe. Siku za kwanza nilikuwa nikionja na kusema, "Bado ni tamu, Madam," naye anakunja uso. Karibu na siku yenyewe niliweka ulimi nikaruka. "Imeniuma!" nikasema, na Madam akapiga makofi kama msichana.

Siku ya ruracio hema lilijaa. Shemeji aliketi mbele na kofia yake ya manyoya, wazee kulia na kushoto, pembe za kunywea zimepangwa. Akauliza kwa sauti ya kuitisha mkutano, "Hii pombe ni ya nani?"

Wakwe watarajiwa wakanitazama mimi. Mimi nikatazama chini. Madam akasimama kati ya wanawake. "Ni yangu. Nimepika mimi, na matunda ya bwanangu."

Tukasikia sufuria zikichemka huko nyuma. Ukafika wakati wa Wanjiku, maana kwa mila binti ndiye anayeulizwa kama pombe inywewe, na jibu lake ndilo ndiyo yake kwa mume. Alijaza pembe, akaenda akapiga magoti mbele ya baba yake mkubwa. "Ninampenda huyu kijana," akasema. "Lakini hii ni pombe ya mama, hakuna ingine. Mkiikunywa, nimekubali. Mkikataa, mimi nitarudi jikoni nioshe vyombo."

Madam aligeuka akaenda jikoni yeye mwenyewe. Hakuweza kutazama. Mzee aliishika pembe muda mrefu, pua juu yake, na niliona uso wake ukibadilika kidogo, kama mtu aliyeitwa kwa jina lake la utotoni. Kisha akanywa.

"Ina kasoro," akasema. Akanyoosha pembe. "Ongeza nione ni gani."

Akaongezewa. Kasoro haikuonekana. Mzee wa pili akaomba naye aitafute, na wa tatu, na wote wakakubaliana kwamba kasoro ipo lakini ni ya kujificha. Vigelegele vikaanza huko kwa wanawake, na Wanjiku akawa amepeanwa.

Nilihama ploti ile miaka michache baadaye, nikajenga kwangu. Shemeji alifariki bila kumwambia Madam neno lolote kuhusu siku ile, zuri wala baya. Mwaka huu nilikwenda kumwona Madam. Magoti hayamruhusu tena kukaa kwenye stuli. Ameketi kwenye kochi karibu na dirisha, amekonda, jambo ambalo sikulipenda. Alinipa chai, akaniuliza habari za watoto.

"Odhiambo, nikuulize kitu, na usinidanganye kwa sababu mimi ni mzee."

"Uliza, Madam."

"Ile pombe ya Wanjiku. Ilikuwa nzuri kweli, ama walinihurumia? Mjane, na mtoto amepiga magoti hapo mbele ya watu. Mimi nilirudi nikapata pipa tupu, na pipa tupu si ushahidi. Wangeweza kumwaga."

Nilishangaa kwamba alikuwa ameishi na swali hilo miaka yote hiyo. Nikaweka kikombe chini.

"Madam, watu walipoinuka kwenda kupiga picha, mimi nilibaki kuchukua pipa. Yule mzee pia alibaki. Alidhani yuko peke yake hemani. Alizunguka meza zote, pembe kwa pembe, akimwaga mabaki ya watu kwenye yake. Zilipokwisha, akainamisha pipa akachungulia, akakwangua machicha na kidole. Mtu wa huruma hunywa pembe moja, Madam. Harudi kulamba machicha."

Alitoa miwani, akaifuta kwa pindo la leso, akashindwa kuirudisha. Mabega yalikuwa yanatikisika na sikujua kama ni kicheko ama kilio.

"Na kofia yake?" akauliza. "Ilikuwa kichwani?"

"Ilimwangukia ndani ya pipa, Madam. Akaivaa hivyo hivyo."

Akaegemea kochi, akafunga macho. Akaniambia nianze tena tangu mwanzo, na nisiruke meza hata moja.